Watu Kumi Katika Mashua Nne: Safari ya Mto Colorado

Mtu asafiriye kwa miguu akichoka huketi chini ya mti. Akipotea huuliza njia. Akiogopa hurudi alikotoka. Watu walioingia mashuani pamoja na kushuka mto mkubwa wenye maji ya kasi hawana nafasi hiyo. Mto hauwangojei, wala hauwaruhusu kurudi nyuma. Kosa la mmoja huwa msiba wa wote, na akili ya mmoja huweza kuwa wokovu wa wote. Kwa hiyo safari ya mtoni ni shule ya ushirika, na mfano ulio wazi ni ule wa watu kumi walioshuka mito ya Green na Colorado, huko Marekani, katika mwaka 1869.

MTO WENYEWE

Mto Colorado hutoka katika milima ya Rocky, yenye theluji nyingi, nao huelekea kusini na magharibi mwendo wa maili 1,450 hivi. Mto Green ni tawi lake kubwa. Mahali pengi maji yameukata mwamba kwa mamilioni ya miaka yakafanya makorongo yenye kuta ndefu za mawe. Korongo lililo kubwa kuliko yote ni Grand Canyon. Urefu wake kwa kufuata mto ni maili 277, na kina chake, toka ukingo wa juu mpaka majini, hupita maili moja. Mtu aliye chini huona mbingu kama utepe mwembamba.

Hatari ya mto huo hutoka hasa katika vijito vya kando. Mvua kubwa ikinyesha nchi ya juu, vijito hivyo hushuka na matope na mawe makubwa, vikayamwaga mtoni. Mawe hayo huubana mto. Nyuma yake maji hujikusanya yakatulia kama bwawa. Kisha hupenya kwa kishindo na kuteremka yakitoa povu. Basi mwenye mashua hudanganywa na utulivu, kwa kuwa pale maji yanapolala ndipo mara nyingi hatari inapokuwa mbele kidogo. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Wenyeji wa nchi hiyo, yaani Waute, Wapaiute, Wahopi, Wahualapai na wengineo, waliyajua makorongo hayo tangu zamani. Lakini katika ramani za serikali ya Marekani sehemu kubwa ilikuwa nyeupe, haina alama yoyote.

MKUU WA SAFARI NA WENZAKE

Aliyekusudia kuijaza ramani hiyo ni Meja John Wesley Powell, mwalimu wa elimu ya mawe na ardhi. Alizaliwa mwaka 1834. Katika ujana wake alikuwa ameshuka mto Mississippi na mto Ohio kwa mashua ndogo, kwa hiyo hakuwa mgeni wa makasia. Lakini mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipigwa risasi huko Shiloh, akakatwa mkono wa kuume. Alifanya safari yake yote ya Colorado akiwa na mkono mmoja.

Wenzake tisa hawakuwa wataalamu wa mito. Walikuwa wawindaji, askari wa zamani na vijana waliopenda safari. Walter Powell alikuwa ndugu yake. Oramel na Seneca Howland walikuwa pia ndugu wawili. Wengine ni Jack Sumner, William Dunn, George Bradley, Frank Goodman aliyetoka Uingereza, William Hawkins aliyekuwa mpishi, na Andrew Hall, kijana kuliko wote.

Mashua zao nne zilijengwa Chicago na kuletwa kwa gari la moshi. Tatu zilikuwa za mbao ngumu za mwaloni, zenye urefu wa futi 21, na ya nne ilikuwa nyepesi, ya futi 16. Kila moja ilikuwa na vyumba vilivyofungwa tezi na omo ili maji yasiingie na mashua isizame upesi. Walichukua chakula cha miezi kumi, wakang'oa nanga tarehe 24 Mei 1869.

KANUNI ZA MAJI

Kabla ya kuondoka Powell aliweka kanuni. Kwanza, chakula, nguo na risasi viligawanywa katika mashua mbalimbali, ili chombo kimoja kikipotea watu wasikose kitu cha lazima. Pili, yeye alitangulia katika mashua ndogo. Aliposikia ngurumo ya maji alishuka pwani, akatazama, kisha akawapa wenzake ishara kwa bendera: wapite kulia, wapite kushoto, au waegeshe. Tatu, maji yakiwa makali mno hayakujaribiwa kwa makasia. Mashua ziliteremshwa polepole kwa kamba, watu wakizishika kutoka ukingoni. Na pale kamba isipofaa, mizigo na vyombo vilibebwa mabegani juu ya mawe. Kazi hiyo ilichosha sana. Siku nyingine walitoka jasho tangu asubuhi mpaka jioni wakapata mwendo mdogo tu.

MSIBA WA KWANZA

Mwezi wa Juni, katika korongo la Lodore, mashua iliyoitwa No Name haikuegesha kwa wakati. Ilichukuliwa na mkondo, ikagonga mwamba na kuvunjika. Ndugu wawili Howland na Goodman walinusurika juu ya kisiwa kidogo katikati ya mto. Jack Sumner aliiingiza mashua ndogo katika maji yale peke yake, akawafikia na kuwavusha.

Watu walipona, lakini theluthi hivi ya chakula ilikwenda na maji. Tena ilionekana kwamba kanuni ya kugawanya mizigo haikufuatwa kwa ukamilifu: baromita zote, vyombo vya kupimia uzito wa hewa na kimo cha nchi, zilikuwa ndani ya mashua hiyo moja. Bila baromita kazi ya ramani ingeharibika. Kwa bahati njema, kipande cha mashua kilikwama mtoni, na vyombo hivyo vikaopolewa. Goodman aliona yametosha, na mwezi wa Julai akaondoka kwa amani walipofika karibu na makazi ya watu.

SURUALI ILIYOOKOA MAISHA

Siku moja Powell na Bradley walipanda jabali ili kupima kimo chake. Powell aliruka akashika mwamba kwa mkono wake mmoja, mara akaona hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na chini yake ni shimo refu. Miguu ikaanza kutetemeka. Bradley alikuwa juu kidogo, hana kamba wala fimbo. Alifikiri upesi, akavua suruali yake ya ndani na kuiteremsha. Ilimpasa Powell auachilie mwamba, ambao ndio tegemeo lake la pekee, na kuidaka nguo ile kabla hajaanguka. Alifanya hivyo, naye Bradley akamvuta juu. Mkuu wa safari, mwenye elimu na cheo, aliokolewa na nguo ya mwenzake.

NJAA NA KUACHANA

Walipoingia Grand Canyon katikati ya Agosti chakula kilikuwa kimeharibika. Nyama ilikuwa imeoza, unga ulikuwa umelowa na kuota ukungu. Yalibaki matofaa makavu na kahawa. Mvua iliwanyeshea, nguo zilichakaa. Palikuwa na manung'uniko pia. Baadhi ya wenzake walieleza baadaye kwamba Powell na Dunn walikuwa wamegombana.

Tarehe 27 Agosti walifika penye maji ya kutisha kuliko yote waliyoyaona. Usiku ule Oramel Howland alimwita Powell kando, akamwambia kwamba yeye, ndugu yake na Dunn wameamua kutokuendelea. Watapanda korongo na kutafuta makazi ya watu upande wa kaskazini. Powell alipima nyota kwa vyombo vyake, akamwonyesha kwa hesabu kwamba mlango wa mto Virgin, penye watu, hauko mbali: maili 45 kwa mstari ulionyoka, labda 80 au 90 kwa kufuata mto. Howland hakubadili nia. Powell hakulala. Alitembea mchangani usiku kucha, kisha akawaamsha wengine mmoja mmoja na kuwauliza. Watano walijibu kwamba watakwenda naye.

Asubuhi hapakuwa na matusi wala kulazimishana. Watatu wale waliwasaidia wenzao kuteremsha mashua sehemu ya kwanza ya mteremko. Walipewa bunduki, na nakala ya maandishi ya safari. Sumner aliwakabidhi saa yake wampelekee dada yake kama atakufa. Mpishi Hawkins aliwaachia mikate. Machozi yaliwatoka, kwa kuwa kila upande ulidhani upande wa pili unakwenda kufa.

Mashua ndogo iliachwa pale, na watu sita wakaingia katika mbili zilizobaki. Kwa muda mfupi walimezwa na povu, kisha wakatokea chini wakiwa salama. Walipiga bunduki hewani ili wale watatu wajue kwamba njia inapitika, wakangoja. Hakuna aliyekuja. Kesho yake adhuhuri walitoka katika Grand Canyon, na tarehe 30 Agosti wakafika mlango wa Virgin, ambako walikuta watu wakivua samaki. Ndugu wawili Howland na Dunn hawakuonekana tena. Mwaka 1870 Powell aliambiwa na Wapaiute wa Shivwits kwamba watatu hao waliuawa kwa kudhaniwa kuwa watu wengine waliofanya uovu. Lakini mpaka leo wanahistoria hawakubaliani juu ya jambo hilo.

MAFUNZO YA SAFARI HII

Ni rahisi kusema kwamba watatu walikuwa waoga na sita walikuwa mashujaa. Hukumu hiyo si ya haki. Watatu walikuwa wamevumilia siku 96 za mto ule, na hesabu yao haikuwa ya kipumbavu: chakula kilibaki cha siku chache, na maji yaliyokuwa mbele yao yaliweza kuua. Kilichokosekana ni mapatano ya mapema. Watu wanaoanza safari ya pamoja na wapatane kungali mapema, wakiwa wameshiba na katika maji matulivu, ni nani atakayeamua, na ni lini safari itaachwa. Jambo hilo likingojea usiku wa njaa, huamuliwa kwa hofu.

Siku hizi watu hushuka mito kwa mashua za mpira, hata katika mto Tana karibu na Sagana. Afrika ya Mashariki ina mito yenye viboko na mamba pia, ambao Powell hakukutana nao. Lakini kanuni ni zile zile. Yatazame maji kutoka ukingoni kabla ya kuyaingia. Usiweke vitu vyote vya lazima katika chombo kimoja. Kila mtu avae koti la kumwelesha majini. Sauti ya kuamuru penye maji makali iwe moja, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini penye nchi kavu kila mmoja asikilizwe.

Powell alirudi mtoni mwaka 1871 akamaliza kazi yake, na tangu mwaka 1881 mpaka 1894 aliongoza idara ya serikali ya Marekani inayochunguza ardhi na mawe. Alikufa mwaka 1902. Mto wenyewe umefungwa kwa mabwawa makubwa, na maji ya bwawa la Hoover, lililomalizika mwaka 1936, yaliyafunika maji yale ya kutisha ambapo marafiki waliachana. Lakini jina la mahali pale limebaki katika ramani mpaka leo, nalo ni Separation, maana yake Kuachana.