Somo la Kikundi: Binti Yetu Anapokwenda Uarabuni



Hapa kwetu Thika na Ruiru siku hizi ni vigumu kupata jumuiya ambayo haina msichana aliyekwenda Saudia, Dubai ama Qatar kufanya kazi ya nyumba. Tunamchangia, tunamwombea, tunamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, basi. Katika mkutano mmoja wa akina mama huko Ruiru niliuliza, "Tumemfundisha nini kabla hajaondoka?" Kimya. Halafu mmoja akasema, "Tulimwambia awe na adabu." Ni jibu zuri, lakini adabu ya Gatundu si adabu ya Riyadh. Hapo ndipo tulipoanza somo hili. Linaanza na igizo.

Akina mama wawili wasimame. Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine ni binti wetu aliyefika jana. Mwenye nyumba anamwonyesha nyanya mgonjwa kitandani, anampa chupa ya vidonge na kusema neno la Kiarabu ambalo masikioni mwa binti ni hivi: "Dawa, saa tisa!" Binti anafurahi sana. Kumbe Kiarabu ni rahisi! Dawa ni dawa, saa ni saa, tisa ni tisa. Kesho yake anangoja mpaka alasiri, saa tisa kamili, anapeleka dawa na maji. Anakuta nyumba nzima imekasirika.

Ulizeni kikundi: kosa ni la nani?

Kwetu Ruiru wengi walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Waarabu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama Waingereza. Tisa yao ya asubuhi ni saa tatu yetu. Maneno sita, saba na tisa Kiswahili kiliyachukua kwa Kiarabu, lakini saa tunazihesabu tangu jua likichomoza. Kwa hiyo binti hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikosea kwa sababu alidhani ameelewa. Neno usilolijua kabisa utauliza, lakini linalofanana na lako hutauliza. Afundishwe kuonyesha saa ya ukutani kwa kidole na kurudia alichoambiwa. (Na mkitaka kumpigia simu, saa ya Riyadh ni sawa na ya Nairobi. Dubai wako mbele kwa saa moja.)

Mambo mengine ni madogo namna hiyo hiyo. Kwetu mgeni hujaziwa kikombe cha chai mpaka juu, na kumtilia nusu ni uchoyo. Kule kahawa ya mgeni hutiwa kidogo tu chini ya kikombe. Ukiijaza ni kama unamwambia anywe aende zake. Huongezewa tena na tena mpaka akitikise kikombe, maana yake ametosheka. Kwetu tunasalimia kila mtu kwa mkono. Kule mwanamke asimtangulizie mwanamume mkono. Viatu huvuliwa mlangoni. Wanawake wa nyumba hawapigwi picha, na kuweka picha yao kwenye simu ili marafiki wa Makongeni waone kunaweza kuleta kesi. Saudia mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, si Jumapili. Makanisa hakuna, na Wakristo hawaruhusiwi kusali hadharani. Abu Dhabi, Dubai na Doha kuna parokia zetu. Mwezi wa Ramadhani usiku hugeuka mchana: mapishi ya futari, kisha daku kabla ya alfajiri. Juu ya hili mwulizeni mama Mwislamu aliye jirani yenu. Atawaeleza kuliko karatasi hii.

Sasa nafika mahali penye uzito. Mabinti wengi wakilalamika huambiwa na wakala, "Vumilia, huo ni utamaduni wao." Na sisi wazazi tunarudia maneno hayo hayo. Nimewahi kuyasema mimi mwenyewe kwa simu, kwa msichana aliyeniambia analala saa nne tu kwa usiku. Nilimwambia atazoea. Bado linanisumbua.

Si utamaduni. Kanuni za Saudia za mwaka 2013 zilisema mfanyakazi wa nyumba apate mapumziko yasiyopungua saa 9 kila siku na siku moja kila wiki. Kanuni mpya zilizoanza Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2017 ilitaka mapumziko ya saa 12 kwa siku. Kushika pasipoti ya mfanyakazi pia kumekatazwa. Anayemnyima binti usingizi anavunja sheria ya nchi yake mwenyewe.

Tutatofautishaje basi? Akina mama wa Ruiru walipata kipimo kimoja: je, wenye nyumba nao wanaifuata desturi hiyo? Viatu wanavua wote. Mchana wa Ramadhani wanafunga wote. Hizo azizoee, hata kama ni ngumu. Lakini kama ni yeye peke yake asiyekula mpaka jioni, asiyelala, asiyelipwa, ambaye simu yake imefungiwa kabatini wiki nzima, hilo asilizoee. Kuambiwa aweke simu kando wakati wa kazi ni jambo la kawaida hata katika viwanda vyetu vya Thika.

Kabla kikundi hakijatoa mkopo wa safari, katibu ahakikishe wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki kwa katibu, pamoja na jina la mwajiri, mji, na namba ya ubalozi wetu wa Riyadh kama anakwenda Saudia. Tena patana na binti neno la siri, kwa sababu mara nyingine anapopiga simu mwenye nyumba amesimama karibu. Kikundi kimoja kilichagua "ng'ombe amekataa kula". Akisema hivyo, mama haulizi ng'ombe gani.

Maswali ya kujadili: Ni desturi gani yetu ambayo mgeni kutoka mbali angeiona ya ajabu? Binti akipiga simu akisema amechoka, na bado tuna deni la safari yake, tutamjibu nini? Na akitoa lile neno la siri usiku wa manane, ni nani katika kikundi ataamka, na asubuhi ataanzia ofisi gani? Andikeni jina la mtu huyo kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano kabla hamjafunga.