Kabla Hujaitwa Singo Maza

Leo nina barua ya binti wa Makambako aliyepata mimba akiwa kidato cha tatu. Anasema mtaani ni singo maza, nyumbani ni yule aliyewaaibisha, na kwaya imemsimamisha mpaka arudishwe kundini. Swali lake ni fupi: Dada, mimi sasa ni nani?

Mdogo wangu, fungua Mwanzo sura ya 16, usome taratibu. Abramu na mkewe Sarai wanamjadili Hajiri wee, lakini katika maneno yao yote hakuna anayemtaja jina. Kwao ni mjakazi, basi. Sarai anapomtesa, anatoroka na mimba yake, anafika kwenye chemchemi huko jangwani, na hapo ndipo malaika wa Bwana anamwita Hajiri na kumuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Katika sura ile malaika ndiye wa kwanza kuzungumza naye kama mtu mwenye jina na safari yake. Halafu huyo huyo mjakazi anampa Mungu jina, kwamba ni Mungu anayemwona. Abramu mwenyewe, pamoja na madhabahu zake zote, alikuwa hajafanya hivyo.

Sikuletei Hajiri ili nikupoze. Malaika alimwambia arudi kwa Sarai, na hayo si maneno matamu kwa mtu aliyeteswa. Kujulikana na Mungu hakukumwondolea mzigo, na kwako mtoto bado anataka maziwa. Kwa hiyo amka uende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua baba kuwa na wajibu wa kumtunza mtoto wake. Shule nayo uiulizie. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi.

Usione nachanganya imani na mambo ya ofisini. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na kwamba Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru, wote ni wamoja ndani yake. Mtu huyo huyo, siku askari walipomfunga tayari kumchapa mijeledi, alimkumbusha akida kwamba yeye ni raia wa Rumi. Uraia aliutumia pale ulipomfaa, ila hakuuegemeza moyo wake hapo. Nawe sema "mimi ni mzazi" dirishani pale ofisini inapobidi. Ukipiga magoti usiku, si lazima uanze na hilo.

Sasa kwaya. Kama usharika wako una utaratibu wa kurudi kundini, nenda, utubu lililo lako. Lakini ukikaa na mchungaji, muulize kwa adabu kama wavulana nao huitwa. Nimeona wasichana wengi wakisimama mbele ya usharika peke yao, kana kwamba mimba ni homa inayompata mtu mmoja. Swali hilo si utovu wa nidhamu. Ukiogopa kuuliza peke yako, nenda na mama mmoja wa umoja wa wanawake anayejua kunyamaza. Wapo, wachache.

Na nyie mnaosoma huku mkisema afadhali mimi, ngojeni. Msomi, mke wa mtu, mtumishi, mwajiriwa wa benki: hayo nayo ni majina ya kupewa, na siku yakiondoka yanaondoka na mtu. Najua akina dada wenye heshima zao ambao ndoa ilipovunjika waliacha kwenda ibadani, kwa sababu hawakujua watajitambulisha vipi kwa wageni. Jina la aibu likikuuma, unalitilia shaka mapema. La sifa linakubembeleza, na hulioni likikufunga. Mimi nalihofia zaidi hilo la pili.

Binti wa Makambako, ukishaonana na mchungaji niandikie alivyojibu.