AMPLI YA LAMPI NA KASKE: GISI YA KUIWEKA NYUMBANI NA KUTAFUTA UGONJWA WAKE



Katika kundi letu la umeme kulitokea jambo moja ambalo hatupendi litokee tena. Tulipewa ampli ndogo ya lampi, iliyotengenezwa kwa mkono, ya kusikilizia na kaske. Sikio la kushoto lilikuwa kimya. Mwenzetu mmoja alitia fishi katika prizi, akawasha kwa sekunde tano hivi ili aone kama kataa kadogo ka mbele kanawaka. Kaliwaka. Akazima, akatoa fishi, akageuza ampli, akafungua ubao wa chini na kuingiza kidole. Umeme ulimpiga mpaka mkono wake ukagonga ukuta! Hakuumia sana, lakini alikaa chini kitambo akitetemeka. Sisi wote tukaulizana: fishi iko inje, sasa umeme umetoka wapi?

Ulizo lile ndilo linatufanya tuandike somo hili. Jibu litakuja katika sehemu ya tano. Hapana kuruka, someni kwa utaratibu.

1. LAMPI NI KITU GANI?

Kwa macho, lampi ya ampli inafanana na taa ya kioo, lakini kazi yake si kuangaza. Hewa imetolewa ndani yake. Katikati kuko uzi mdogo unaopata moto. Uzi ule unapasha moto kibomba kinachoitwa katodi, na katodi ikiisha kupata moto inatoa elektroni. Pembeni kuko bamba linaloitwa anodi. Anodi iko na volti nyingi za upande wa kujumlisha (+), kwa hiyo inavuta elektroni. Kati ya hizo mbili kuko wavu mwembamba unaoitwa gridi.

Gridi iko sawa na askari wa bariere katika njia. Yeye ni mtu mmoja tu, lakini akipandisha mti kidogo magari mengi yanapita, na akiushusha yanasimama. Vile vile sauti ndogo ya telefone ikifika kwenye gridi, inaamuru elektroni nyingi. Ndiyo ile tunaita kukuza sauti.

Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza lampi ya katodi na anodi mwaka 1904. Mmarekani Lee De Forest akaongeza gridi mwaka 1906. Kisha mwaka 1947 transista ilipatikana huko Marekani, na pole pole ikachukua nafasi ya lampi katika radio. Hata hivi kuko watu mpaka leo wanaopenda lampi kwa sauti yake, na kwa mwanafunzi iko na faida nyingine: kila sehemu inaonekana kwa macho.

Ampli yetu iko na lampi mbili. Ya kwanza ni ECC82 (Wamarekani wanaiita 12AU7). Ya pili, ile kubwa, ni 6080. Kila moja iko na nusu mbili ndani: nusu ya sikio la kuume na nusu ya sikio la kushoto. Ikifanya kazi, volti zinazoenda kwenye anodi ni karibu 170.

2. KASKE GANI INAFAA?

Wengi wanafikiri kila kaske inafaa kwa kila ampli. Si vile. Ampli yetu haina transfo ya kutolea sauti. Kati ya lampi ya 6080 na kaske kuko kondansateri ya mikrofaradi 100 tu. Tufanye hesabu.

Kondansateri, kaske na upinzani wa ndani wa ampli pamoja zinakata sauti za chini kuanzia hesabu hii: 1 : (2 × 3,14 × R × C), na R ni ohm za kaske kujumlisha karibu ohm 100 za ndani ya ampli. Kwa kaske ya ohm 300 (kama vile Sennheiser HD 600) tunapata karibu hertzi 4. Sikio la mtu halisikii chini ya hertzi 20 hivi, basi hakuna kitu kinachopotea. Kwa kaske ya ohm 32 tunapata karibu hertzi 12, na hapo pia ni chini ya hertzi 20.

Tena, upinzani wa ndani wa ampli hii ni karibu ohm 100. Kaske ya ohm 300 inapata robo tatu za volti, maana 300 : 400 = 0,75. Ile ya ohm 32 inapata robo moja tu, maana 32 : 132 = 0,24. Kaske ndogo zinazouzwa kwa telefone mara nyingi ni za ohm 16 au 32. Mtu akiitia katika ampli ya namna hii na kusikia sauti ndogo, asiseme «lampi zimekufa». Kaske ndiyo haikuoana na ampli.

3. KUIWEKA NYUMBANI

a) Soma volti mbele ya kutia fishi. Marekani wanatumia volti 120, sisi tunatumia 220. Ampli ya volti 120 ikitiwa katika prizi yetu bila transfo ya kupunguza, itaungua. Kwa jirani mmoja ilitokea hivi, lakini fizibli ilikatika mara moja na kuokoa ampli. Ndugu yake alitaka kufunga ile fizibli na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tunasema wazi: hapana! Fizibli inakatika juu ya kukuokoa wewe na nyumba. Tia nyingine ya ampere zile zile, na ikikatika tena, acha, tafuta ugonjwa.

b) Chagua fasi nzuri. Uzi wa 6080 peke yake unakula volti 6,3 na ampere 2,5, ni kusema karibu wati 16, na zote zinageuka joto. Kioo chake kinaunguza kidole. Hapana kuiweka ndani ya kabati, wala chini ya pazia, wala kufunika na kitambaa cha meza. Acha nafasi juu na pembeni, na mbali na watoto.

c) Angalia moto wa mtaa. Sisi tunajua umeme wetu gisi unapanda na kushuka. Nyuzi za lampi zinataka volti 6,3, na zinavumilia kupungua au kuzidi kwa sehemu 10 kwa mia: kutoka 5,7 mpaka 6,9. Prizi ikishuka mpaka 180, uzi unapata 5,15 tu, na sauti inalegea. Ikipanda mpaka 250, uzi unapata karibu 7,2, na maisha ya lampi yanafupishwa. Mwenye stabilizateri aitumie. Asiyekuwa nayo azime ampli kila mara anapoona taa za nyumba zinacheza.

d) Fuata utaratibu wa kuwasha. Butoni ya sauti kwenye sufuri. Kaske inje. Washa, ngoja dakika moja lampi zipate moto. Siku ya kwanza, pima na multimetri katika tundu la kaske: volti za DC zinapasa kuwa karibu na sufuri. Ukiona volti moja au zaidi, kondansateri ya kutokea inavuja, na itaharibu kaske. Kama ni sawa, tia kaske, kisha pandisha sauti pole pole. Kuzima ni kinyume: shusha sauti, toa kaske, zima.

e) Linda masikio. Sauti ya desibeli 85 inavumilika saa 8 kwa siku. Ikizidi desibeli 3, muda unagawanyika kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kama mtu aliye karibu anasema nawe na humsikii hata kidogo, shusha.

4. KUTAFUTA UGONJWA

Sheria ya kwanza: badili kitu kimoja tu kwa mara moja. Anayebadili vitu vitatu pamoja, hata akiponya ampli, hajui dawa ni ipi.

Hakuna sauti na lampi haziwaki. Anza inje: prizi ina moto? Uzi mzima? Fizibli nzima? Mara nyingi ugonjwa unaishia hapa.

Sikio moja ni kimya. Ndiyo ilikuwa shida yetu. Tulibadilisha nyuzi mbili zinazoingia kwenye ampli, ya kuume ikaenda kushoto. Kama ukimya ungalihamia upande mwingine, kosa lingalikuwa katika telefone au uzi. Haukuhama. Tukajaribu kaske nyingine: ni vile vile. Basi ugonjwa uko ndani ya ampli. Wamoja walisema tuchange feza tununue 6080 mpya. Kumbe 6080 ilikuwa nzima! Ulehemu ulikuwa umepasuka kwenye mguu mmoja wa kiti cha lampi. Tone moja la risasi lilitosha. Kama tungalinunua lampi, tungalipoteza feza na sikio lingalikaa kimya.

Ampli inanguruma. Zungusha butoni ya sauti. Mngurumo ukibadilika, unatoka mbele ya butoni: nyuzi za kuingia, telefone inayochajiwa, au vyombo viwili vilivyofungwa chini kwa njia mbili. Usipobadilika, unatoka nyuma ya butoni: lampi, au sehemu inayotengeneza volti. Mngurumo mzito wa hertzi 50 unatoka mara nyingi kwenye nyuzi za moto au transfo iliyo karibu mno. Ule wa hertzi 100 unatuonyesha kondansateri za kusafisha zilizozeeka.

Inakwaruza ukizungusha butoni. Butoni iko na vumbi ndani, inaomba kusafishwa.

Inalia kama kengele ukigusa lampi. Kidogo ni kawaida. Ikizidi, lampi ile imechoka.

Anodi inawaka nyekundu. Uzi wa katikati kuwa mwekundu ni sawa. Lakini bamba la inje likiwa jekundu, zima mara moja, hapana kungoja wimbo uishe.

5. MBELE YA KUFUNGUA

Sasa jibu. Kondansateri iko sawa na mtungi. Ukifunga bomba la inje, maji yaliyo ndani ya mtungi yanabaki. Ampli ikiwa imewaka vizuri kisha ukazima, lampi zingali na moto, zinakunywa umeme uliobaki. Lakini mwenzetu aliwasha kwa sekunde tano tu. Diodi zilijaza kondansateri mara moja, na lampi zilikuwa baridi bado, hazikunywa kitu. Tena bila mnywaji volti zinapita hata zile 170. Na rezistansi ndogo ya kumwaga umeme, inayopasa kuwa hapo, ilikuwa imekatika. Mtungi ulibaki umejaa, kidole chake kikaufungua.

Baba Fundi, mzee aliyekuja kutusaidia, alitupa sheria hizi:

– Fishi inje, na uione kwa macho yako.
– Hapana kufanya kazi peke yako, wala na mikono ya maji, wala bila viatu.
– Pima kondansateri kubwa na multimetri kwenye volti za DC, kipimo cha 500 au zaidi. Uzi mweusi ufungwe kwenye chuma cha ampli. Uzi mwekundu ushike kwa mkono mmoja, mkono mwingine mfukoni.
– Ukiona zaidi ya volti 10, mwaga umeme kwa rezistansi ya ohm 10.000 ya wati 5, yenye nyuzi zilizofunikwa. Kwa kondansateri ya mikrofaradi 220, sekunde 11 zinatosha. Kisha pima tena. Hapana kutumia turnevisi, inarusha cheche na kuharibu vyote viwili.
– Kupima ndani ampli ikiwa inawaka, mwachie fundi.

Kisha alilehemu rezistansi mpya ya kumwaga, ya ohm 100.000 na wati 2. Sasa mtungi unajimwaga katika dakika mbili hivi. Hata hivi alituambia: «Rezistansi inaweza kukatika tena bila kuwaambia. Pimeni kila mara.»

Leo ampli inasikika katika masikio mawili. Na yule mwenzetu aliyepigwa ndiye mwenye kushika multimetri katika kundi. Hakuna mtu anayegusa kitu mbele yake kusema: «Sufuri.»

MAULIZO YA KUFANYA KATIKA DAFTARI

1. Kaske ya ohm 150 itakata sauti za chini kuanzia hertzi ngapi katika ampli yetu?
2. Prizi ikiwa na volti 200, uzi wa lampi unapata volti ngapi? Ni sawa ama si sawa?
3. Mtu amewasha ampli bila kutia lampi ndani yake, kisha akazima. Eleza juu ya nini ni hatari kuifungua.
4. Mngurumo haubadiliki ukizungusha butoni. Utaanza kutafuta wapi?