Kadi za Ronaldo: nianzishe mnada kwa bei gani?

SWALI: Naishi Al-Baghdadiyah, Jeddah. Nina kadi za wachezaji mpira, zikiwemo za Cristiano Ronaldo akiwa Al-Nassr. Nataka kuzinadi mtandaoni, ila sijawahi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kujua bei. Kwenye eBay, tazama kadi zilizokwisha kuuzwa. Bei anayoitaka muuzaji si bei ya soko. Linganisha kadi ileile: mwaka, toleo na hali. Iliyopewa alama 10 na wakaguzi wa kampuni ya PSA haifanani na yako ambayo haijakaguliwa.

Mnada unafaa kadi inayogombewa na wengi. Akijitokeza mnunuzi mmoja tu, kadi huondoka kwa bei ya kuanzia. Basi usianzie riyali 1 kama hukubali kuiuza kwa riyali 1. Kadi za kawaida zipangie bei isiyobadilika.

Angalia pia saa ya mnada kufungwa, hasa ukilenga wanunuzi wa Marekani. Jumapili usiku New York, watu wakiwa nyumbani, Jeddah ni alfajiri ya Jumatatu.

Piga picha mbele, nyuma na pembe zote. Taja kila mkwaruzo. Kabla ya kutangaza, hakikisha malipo yanaweza kufika benki yako, kisha ondoa kwenye bei ada ya mtandao na gharama ya posta yenye namba ya kufuatilia, ujue utabaki na kiasi gani.

La mwisho: kuuza kadi zako chache ni jambo moja, kununua ili uuze ni biashara. Kama wewe ni mgeni, Saudia haikuruhusu kufanya biashara yako mwenyewe bila kibali.