Picha Haisahau: Somo kwa Vikundi Kuhusu Udongo na Mito Yetu

Kusudi la somo: Kusaidia kikundi kujionea kwa macho kama ardhi yao inapona au inakwisha.

Tukikaa na vikundi chini ya mti na kuuliza habari za korongo lililo kando ya barabara, majibu hayalingani. Mzee anasema zamani lilikuwa dogo, hata ndama aliliruka. Kijana anasema limekuwa hivyo hivyo tangu azaliwe. Mwenye shamba la juu anasema hayo si mambo yake. Mkutano unakwisha kwa kelele tu, halafu mvua ikinyesha korongo linakula hatua zingine mbili za shamba la mjane aliye chini.

Jambo la kumaliza ubishi kama huu ni picha.

Mfano wa Machakos

Mwaka 1937 zilipigwa picha za vilima vya Machakos. Zinaonyesha udongo mwekundu ulio uchi, makorongo na miti michache. Mwaka uliofuata, 1938, serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema ni wengi mno na wanaharibu nchi. Watu wakatembea mpaka Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi mahali pale pale wakapiga picha tena. Wengi walidhani hali imekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Lakini mahali pengi picha mpya zilionyesha matuta, miti na mashamba yaliyotunzwa. Habari hizi ziliandikwa katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki mwaka 1994.

Sasa tuulizane: ni nani alichimba matuta hayo? Ni watu wenyewe, wengi wao akina mama, katika vikundi vya mwethya. Walitumia njia ya fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Kahawa na soko la Nairobi pia vilisaidia, maana mkulima akipata pesa anaona faida ya kulinda udongo. Hayo picha peke yake haiwezi kusema. Picha inaonyesha kilichobadilika. Sababu yake tunaipata kwa kuuliza wenyeji.

Namna ya kufanya

Simu moja yenye kamera inatosha.

1. Chagueni mahali patatu: palipoharibika, panapotengenezwa, na palipo pazuri bado, kama chemchemi au msitu mdogo. Msisahau pazuri. Ikiharibika kesho, watoto watajuaje ilivyokuwa?

2. Wekeni alama ya kusimama. Pandeni jiwe au chuma, na muandike mnaelekea wapi. Mpiga picha akisogea hatua kumi, korongo kubwa linaonekana dogo.

3. Pigeni mara mbili kwa mwaka, miezi ile ile: moja mwisho wa kiangazi, nyingine baada ya mvua ndefu. Kulinganisha picha ya kiangazi na ya masika ni kujidanganya.

4. Mtu asimame pale na fito ya mita moja, ili kimo na upana vijulikane.

5. Andikeni tarehe, mahali na jinsi mvua ilivyokuwa. Safisheni picha dukani, katibu aziweke kwenye faili. Simu inaibiwa, simu inaanguka majini.

Tahadhari

Msipige picha ya shamba la mtu bila ruhusa yake. Lengo si kumwaibisha jirani. Mwiteni aone, halafu mwende kumsaidia kuchimba. Ukimwaibisha leo, kesho atafunga njia ya kwenda mtoni.

Mahali penye malori ya kuzoa mchanga msiende mmoja mmoja, wala msigombane na watu wa kazi. Pigeni picha wakiwa wameondoka. Mto ulivyochimbwa utajionyesha wenyewe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa. Lakini kabla ya korti kuna baraza la chifu na ofisi ya NEMA ya kaunti. Huko maneno matupu hayana uzito. Picha nne za mahali pamoja, zenye tarehe, zina uzito.

Tukumbuke jambo moja la 1938. Wageni walikuja, wakaitazama ardhi, wakaamua wenyewe kosa ni la nani. Tukiwa na picha zetu, tutasema habari zetu sisi wenyewe, za aibu na za kujivunia.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu ni wapi palikuwa pazuri na sasa pameharibika? Nani anakumbuka?
2. Ni nani anaumia zaidi, na je, yuko katika mkutano huu?
3. Tutaanza na mahali gani patatu, na nani atatunza faili?
4. Picha ya pili ikionyesha korongo limekua, tutafanya nini wiki hiyo hiyo?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la nne. Picha haizibi korongo. Jembe ndilo linaloziba.