SOMO: KAZI IKO NAIROBI, MFANYAKAZI YUKO KIGALI



Zamani Wanyarwanda walivuka mpaka kuifuata kazi: mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, na katika miaka ya 1920 migodi ya shaba ya Katanga. Siku hizi kazi nayo huvuka mpaka. Tuchukue mfano wa karani Mkenya anayeishi Kigali, akiandika hesabu za kampuni ya Nairobi kwa intaneti. Hana lango la kiwanda wala nyapara, lakini ni mfanyakazi kama sisi. Basi na tuyapime mambo manne.

Kwanza, saa. Nairobi iko mbele kwa saa moja. Kule ikiwa saa mbili asubuhi, Kigali ni saa moja. Mkataba usipotaja saa za nchi gani, tajiri atamwanzisha kwa saa za Nairobi na kumwachia kwa saa za Kigali.

Pili, kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inatupa haki ya kufanya kazi nchi jirani. Haikufuta vibali. Aende Uhamiaji mapema.

Tatu, kodi. Anayekaa Rwanda zaidi ya siku 183 katika miezi 12 huhesabiwa mkazi, na mkazi hutozwa kodi ya mapato yote, hata yatokayo nje. Ikiwa Kenya nako anakatwa, atunze hati zote za makato, asije akatozwa mara mbili.

Nne, uzee. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni nchini Rwanda ni asilimia 12 ya mshahara: nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi. Tajiri akimwita karani huyu "mkandarasi", nusu ya mwajiri imepotea. Mpango wa akiba wa EjoHeza hupokea hata wageni wanaoishi nchini, lakini huko atajiwekea mwenyewe.

Hila hii twaijua: ndiyo ile ya kumwita mtu kibarua miaka kumi. Jina hubadilika, jasho ni lile lile.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Ugomvi ukizuka, mkataba wasema uamuliwe kwa sheria ya nchi gani?

2. Makarani kumi wa tajiri mmoja, wasioonana, watakutanaje?

3. Tawi letu litawapokeaje?