Somo la Wiki: Bangi Ikiruhusiwa, Je?

Tusome: Mwanzo 1:29, 1 Wakorintho 6:12



Ijumaa iliyopita, tukiwa garini tukirudi Bidbid kutoka ibadani Ruwi, dada mmoja alitupa swali. Mdogo wake aliyeko Kisumu anavuta bangi, na kila akimkanya kwa simu anajibiwa kwamba majani kaumba Mungu na serikali karibu itaruhusu. Ada ya chuo ya kijana huyo inatoka kwenye mshahara wa dada, wa kazi za nyumbani hapa. Tulinyamaza kidogo.

Tuseme kweli: mjadala upo, na wanaotetea si wahuni tu. Sheria ya Kenya ya 1994 ilitaja kifungo cha miaka 10 hata kwa aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka bungeni muswada wa kubadili hayo. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani, si kuiuza. Mwaka 2021 Marastafari walikwenda Mahakama Kuu Nairobi wakisema ni sehemu ya ibada yao. Hata sisi hatufurahii kijana kupotezewa ujana wake gerezani kwa msokoto mmoja.

Lakini Mwanzo 1:29 inazungumza habari za chakula. Muhogo mchungu nao umeumbwa na Mungu, na hakuna anayeutafuna mbichi.

Wakorintho walikuwa na hoja kama ya huyu kijana: tumeruhusiwa. Angalieni Paulo alivyowajibu. Hakukesha akibishana nao juu ya ruhusa. Aliwauliza kama jambo lenyewe linafaa, na kama halijawatawala. Kwa hiyo tulimwambia dada aache habari za korti. Amuulize mdogo wake kwa upole: unaweza kukaa wiki mbili bila kuvuta? Masomo yanaendaje? Akijibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu.

Na sisi tulioko huku tusijichanganye. Hata Nairobi wakiruhusu kesho, Oman bangi ni dawa ya kulevya chini ya Amri ya Sultani namba 17/99, na adhabu yake ni jela. Ukitoka likizo, usibebe mzigo ambao hukuufungasha mwenyewe, hata ukiambiwa ni dagaa tu za shangazi. Uwanja wa ndege hawaulizi nyumbani kwenu wanajadili nini.

Dada yetu ameamua kwamba kuanzia muhula ujao ada ataituma moja kwa moja chuoni, wala haipiti tena mkononi mwa kijana. Wengine garini walisema ni huruma iliyozidi, angeikata kabisa mpaka aache.

Swali la kujadiliana Ijumaa ijayo: ungekuwa wewe, ungeikata?